Mwalimu Aliyetoboa Mwavuli

Mwalimu wetu wa kushona alikuwa mwoga wa giza, na ndiye aliyetufundisha nyota. Jua likianza tu kushuka nyuma ya matangi ya dizeli, yeye alishaingia ndani na kuweka komeo, na ukimgongea kwa jambo lolote alikujibu kupitia dirishani. Sisi hatukuona ajabu. Kwetu nyota zilikuwa somo la saa nne asubuhi, baada ya uji, kama vile hesabu ilivyokuwa somo la saa mbili.

Tulikuwa watoto wa kambi ya shamba la ngano kule Hanang, enzi zile serikali ilipokuwa mkulima mkubwa kuliko wote. Baba yangu alikuwa fundi wa kombaini, mtu wa kijiji cha Daudi aliyeshuka kutoka milimani kufuata mshahara. Shule ilikuwa pembeni mwa kambi, na darasani tulikaa mchanganyiko: sisi wa kambini tuliovaa viatu vya plastiki, na watoto wa wafugaji waliotoka kwenye maboma ng'ambo ya shamba, wakinukia maziwa na moshi. Mwalimu alitoka Tlawi, hukohuko milimani, na hakukubali mtu asahau jambo hilo. "Huku chini" ndiyo ilikuwa anwani yetu sote. Huku chini upepo hauna adabu. Huku chini hata kuku wanataga wakiwa wamesimama. Huku chini watu wanasalimiana huku wanatembea, jambo ambalo kwao, alisema, hata mlevi hafanyi.

Kwenye salamu hakuwa na mchezo. Siku moja dereva wa trekta alimpita akampungia mkono na kupaza sauti, "Shikamoo mwalimu!" bila kusimama. Mwalimu akakata kona, akaenda kusimama mbele ya trekta mpaka likazimwa.

"Sasa nisalimie," akamwambia.

Dereva, mtu mzima mwenye watoto watatu shuleni kwetu, akashuka na kuvua kofia. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mama hajambo huko nyumbani?"

Kutoka kwa mama walikwenda kwa shangazi, wakaja kwenye mahindi, wakamaliza na ng'ombe mmoja aliyekuwa mgonjwa. Nyuma yao matrekta mengine mawili yalikuwa yanangoja, na hakuna aliyethubutu kupiga honi.

Kwenye ukosi wa gauni lake alichomeka shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na mchana kutwa ilikaa hapo iking'aa. Akikukumbatia ulilazimika kujua pa kuweka shavu. Lakini hakukumbatia mara nyingi. Upendo wake ulikuja kwa njia ya kukukagua: kucha, kola, nywele, kisha kazi yako. Ulipompelekea kitambaa ulichotarizi, hakutazama maua. Alisema neno moja tu, "Geuza." Ukageuza, naye akapitisha kidole upande wa nyuma, penye mafundo na nyuzi zilizovukana. "Mbele umeshonea wageni," alisema. "Huku nyuma ndiko ulikoshona wewe." Nimefumua vitambaa vingi kwa sababu ya huku nyuma. Mpaka leo nikinunua gauni sokoni naligeuza kwanza, na wauzaji wananikasirikia.

Alikuwa bahili wa kupindukia. Vipande vya uzi alivitunza kwenye kopo, hata vya urefu wa kidole, na ukidondosha pini sakafuni darasa lote lilisimama mpaka ionekane. Ila jambo likiwa la watoto, mkono ulifunguka. Hapo ndipo nyota zilipoingia.

Mwaka mmoja, ngano ikiwa imekomaa, mtoto wa darasa la kwanza alitoka shule akielekea kwao. Maboma yalikuwa kusini mwa shamba. Zamani kulikuwa na njia ya ng'ombe na migunga ya kukuonyesha unakopita, lakini njia ilishalimwa, na migunga ilishang'olewa ili mashine zipite bila kikwazo. Mchana ungeweza kuutazama mlima Hanang ukajua uko wapi. Jioni ile wingu lilikuwa limeukalia mlima, mtoto akachelewa kwa kucheza, giza likamkuta katikati, na ngano ilimfika kidevuni. Alizunguka mpaka akachoka, akalala humohumo. Asubuhi dereva wa kombaini aliona kitu chekundu mbele ya visu akakanyaga breki. Ilikuwa sweta ya shule. Mtoto alikuwa ndani yake, amelala, mzima kabisa. Baba aliitwa kwenda kuzikagua breki zile, na aliporudi nyumbani hakula chakula.

Mwalimu alikwenda kumwona mtoto. Siku ya pili aliingia darasani, hakutugusia vitambaa, akasimama mbele yetu mikono ikiwa kiunoni.

"Mtoto yule hakukosa macho," alisema. "Alikosa mtu wa kumwambia atazame wapi. Kila mtoto wa shule hii atajua kusini ni wapi, hata akiachwa katikati ya shamba usiku."

Tukamjibu, "Ndiyo mwalimu," kama tulivyojibu kila kitu.

Yeye mwenyewe alikuwa hajui nyota hata moja. Alipata ramani ya anga kwa mtaalamu mmoja mgeni wa shamba, akamlipa kwa kitambaa cha meza alichokitarizi kwa wiki tatu. Ilikuwa karatasi kubwa ya bluu, na aliilaza juu ya meza akaisoma kwa kidole kama anavyosoma mtindo wa nguo. Halafu akaanza kufikiri jinsi ya kuileta kwetu, sisi ambao tunarudi nyumbani kabla ya nyota, na yeye ambaye hatoki nje baada ya jua. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye akatuambia tulete makopo.

Tulileta ya maziwa ya unga, ya mafuta ya kupikia, ya dawa za mifugo yaliyosuguliwa kwa majivu. Kwa msumari na jiwe tulitoboa vitako vya makopo, kila kopo kundi moja la nyota. Ukiliweka jichoni na kulielekeza dirishani, mwanga ulipita kwenye matundu, nawe ukawa na usiku wako peke yako mchana kweupe. Ndivyo nilivyoona Kilimia kwa mara ya kwanza, yale matone ya nyota yaliyobanana ambayo wazee walipandia mazao. Nilikuwa nimeishi chini yake miaka kumi bila kuinua shingo.

Baada ya makopo yakaja mabua. Bua la ngano lina tundu katikati, kwa hiyo uzi unapita. Tulikata vipande virefu na vifupi, tukavitunga, tukavikunja mpaka ng'e akatokea na mkia wake, tukamning'iniza kwenye boriti. Upepo ulipoingia ng'e alicheza, na darasa la kwanza walikuja kuchungulia mlangoni. Tulichoma miiba kwenye ndulele, yale matunda ya njano ya porini, tukaunganisha moja na nyingine mpaka mwindaji akasimama mezani na mkanda wake wa nyota tatu. Gunia la zamani tulilipaka masizi ya sufuria, tukabandika punje za ngano kwa uji mzito: punje nene kwa nyota kali, nyembamba kwa nyota hafifu. Panya wakala Kilimia yote. Mwalimu akalitazama lile gunia, akasema tubandike upya, na safari hii tutie pilipili kwenye uji.

Nasema haya nikicheka, lakini ninataka ieleweke kwamba nilimpenda. Wapo watu wanaokufundisha kitu wanachokijua. Yeye alitufundisha kitu alichokuwa anakitafuta pamoja nasi, na hakuona haya kukaa sakafuni mikono ikiwa na masizi hadi kwenye viwiko.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa mwavuli. Ulikuwa mwavuli wake mwenyewe wa kanisani, mweusi, wa mpini wa mti. Aliufungua juu ya meza, akailaza ramani yake juu ya kitambaa, sehemu moja baada ya nyingine, akatoboa kwa shazia kufuata karatasi. Kila tundu alilishona ukingo lisichanike. Ncha ya mwavuli, pale vyuma vinapokutana, aliifanya kuwa mahali pa kusini ambapo anga lote linapazunguka. Tulikaa chini yake wanne wanne uwanjani, jua likiwaka, naye akazungusha mpini polepole. Nyota zikatuzunguka vichwani. Masika yale Mwalimu alikwenda kanisani akiwa amejifunika gunia, na alipoulizwa mwavuli uko wapi alijibu kwamba uko kazini.

Chini ya mwavuli ule alitufundisha jambo moja kuliko mengine yote: Msalaba wa Kusini, nyota nne zinazosimama kama msalaba, na nyota mbili kali zilizo kando yake. "Ukiuona msalaba, tafuta mbili," alisema. "Mbili ziko mkono wa kulia. Ukizipata, fuata mguu wa msalaba, huko ndiko nyumbani kwenu." Tuliimba hivyo mpaka ndugu zangu wadogo wakajua.

Hapa lazima nimtaje msichana niliyekaa naye dawati moja. Kwenye rejista aliitwa Monika. Jina hilo Mwalimu alimpa siku ya kwanza, kwa sababu la nyumbani lilimshinda kuandika. Mimi la nyumbani nililijua, kwa vile Monika na mama yake walileta maziwa kambini kila jioni, na nilisikia mama akimwita. Silitaji hapa. Baba yake hakupenda shule. Alimwandikisha kwa kulazimishwa na mtendaji, na kila wiki alitafuta sababu ya kumrudisha kwenye ndama. Monika mwenyewe alipenda. Alikuwa ameanza kuunganisha silabi, na njiani alisoma chochote kilichoandikwa, hata maandishi ya mifuko ya mbolea.

Jioni moja, mama yake akiwa anapima maziwa mlangoni kwetu, Monika alinivuta nyuma ya jiko. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia.

"Tazama kule," akaniambia. "Msalaba si ule? Na zile mbili ziko wapi?"

Nilitazama. Msalaba ulikuwa umesimama juu ya ngano, na zile mbili zilikuwa kushoto. Nikajihesabia mikono yangu ili niwe na hakika. Kushoto.

"Bibi anasema kuna msalaba mwingine wa uongo," Monika akasema. "Hauna mbili. Mtu akifuata ule anapotea. Sasa mtoto akitafuta mbili upande wa kulia hatazipata. Atachukua ule wa uongo."

"Mwambie Mwalimu," nikasema.

"Nitamwambia. Na wewe umeona."

"Nimeona," nikajibu.

Wiki ile alikuja mkaguzi kutoka wilayani. Mwalimu ndiye aliyemwomba aje. Mwalimu mkuu alikuwa ameshachoka na makopo, alisema watoto wanapoteza muda, na Mwalimu alitaka ruhusa ya maandishi ili nyota ziwe kwenye ratiba, si kwetu tu, bali katika shule zote zinazopakana na shamba. Alivaa gauni lake la Pasaka. Mkaguzi alikaa kwenye kiti kivulini akiwa na daftari gotini, sisi tukaketi uwanjani, na wanne wa kwanza chini ya mwavuli walikuwa Monika, mimi na wengine wawili.

Tuliimba vizuri. Msalaba, mbili, mkono wa kulia. Monika hakuimba. Alinyoosha kidole.

"Mwalimu, imegeuka."

"Nini imegeuka?"

"Zile mbili. Angani ziko huku." Akaonyesha kushoto. "Wewe umeziweka huku."

"Nani amekuambia?"

"Bibi."

"Bibi yako amesoma shule gani?"

Uwanja mzima ukacheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Monika hakuchukia, alijibu tu kama mtu aliyeulizwa swali.

"Hajasoma. Anaziona."

Mkaguzi akaacha kuandika. Niliuona uso wa Mwalimu juu yangu, ukitazama matundu ya mwavuli, na nikaona midomo yake ikikauka. Kisha akauliza darasa zima, kwa sauti ya juu kidogo kuliko kawaida, "Kuna mwingine aliyeona kama Monika?"

Monika hakunigeukia. Pengine hakuona haja, maana alijua nitasema. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Niliangalia kidole changu cha mguu kilichotokeza kwenye kiatu cha plastiki, nikakiangalia mpaka swali likapita.

"Toka nje ya mwavuli," Mwalimu akamwambia. "Nenda kapige magoti pale kwenye bendera mpaka somo liishe."

Monika aliinuka, akajipangusa vumbi, akaifikia bendera. Hakupiga magoti. Aliipita, akavuka barabara ya matrekta, akaingia kwenye ngano, na tuliona kichwa chake kikienda kusini kwa mwendo ule ule bila kugeuka. Hakurudi kesho yake wala siku nyingine yoyote. Baba yake alikuwa amepata sababu.

Mkaguzi alilisifu somo, akasaini karatasi. Siku hiyohiyo majirani walimwona Mwalimu amesimama nje kwenye uzio na taa ya kandili mkononi, saa mbili usiku, yeye ambaye hakuwahi kutoka. Kosa lake lilikuwa la mshonaji, na mtoto yeyote wa darasa lake angeliona kwenye kitambaa: alilaza ramani juu ya mwavuli na kutoboa kutoka upande wa nje, sisi tukakaa upande wa nyuma, na kila kitu kilichokuwa kushoto tukakiona kulia. Yule aliyetugeuzia kazi zetu kila siku hakuigeuza ya kwake. Alinunua kitambaa kipya, akavua cha zamani, akatoboa upya kutoka ndani. Akatuambia, "Nilikosea. Mbili ziko kushoto," halafu haraka sana akaanza kueleza pindo la sketi. Jina la Monika hakulitaja.

Jumamosi alivaa viatu vya kutembelea, akavuka shamba peke yake mpaka kwenye maboma. Alikuta majivu na zizi tupu. Malisho yalikuwa yamekwisha upande ule, na familia ilikuwa imehama na ng'ombe wake, hakuna aliyejua ni wapi. Tangu siku hiyo kila mnada alikwenda. Hakununua kitu, alisimama kwenye lango la ng'ombe akiuliza wafugaji, "Mnamjua Monika? Msichana wa darasa la tatu, Monika?" Hakuna aliyemjua Monika. Walimjua msichana mwingine, mwenye jina lake la nyumbani, na jina hilo nilikuwa nalo mimi, na nyakati nyingine nilikuwa nimesimama palepale nimemshikia kikapu.

Mbona sikusema? Nimejiuliza sana. Ningelitaja jina, angeniuliza ninalijuaje, na kutoka hapo tungefika nyuma ya jiko. Nilikuwa mtoto, lakini hiyo ni sababu ya mwaka mmoja, si ya miaka yote iliyofuata. Nikamaliza shule, nikaenda kusomea uuguzi, nikaolewa, na kila nilipomkumbuka Mwalimu nilijiambia kwamba alikosea kwa kutojua. Nilimsamehe kirahisi. Kumsamehe yeye kulinisaidia kujisamehe mwenyewe, maana kama lake lilikuwa kosa tu, basi na kunyamaza kwangu kulikuwa kosa tu.

Na haki yake asinyimwe. Miaka yangu yote pale hakuna mtoto mwingine aliyelala kwenye ngano. Darasa la kwanza walijua kusini kabla ya kujua kuandika majina yao. Mwavuli wenye kitambaa kipya ulitumika mpaka ukabaki vyuma.

Mwaka jana, nikiwa karibu kustaafu, kazi ya chanjo ilinifikisha Yaeda Chini. Tulikuwa tunachanja watoto na kugawa vyandarua chini ya turubai. Mwanamke mmoja alikuja na mjukuu mgongoni, nikamwonyesha mahali pa kusaini kwenye daftari. Akanipa kidole gumba. Nilikishika nikakiweka kwenye wino, na nilipoinua macho alikuwa ananitazama.

"Wewe ni wa kambini," akasema. "Mtoto wa fundi."

Nikalitaja jina lake la nyumbani. Akatabasamu kidogo.

"Ule mwavuli," akauliza, "aliugeuza?"

"Aliugeuza. Alishona upya wote."

"Vizuri. Watoto wangepotea." Akachukua chandarua chake. "Mwalimu yuko hai?"

"Yuko hai. Yuko kwao, Tlawi."

"Msalimie." Kinamama walikuwa wanasukumana nyuma yake, mjukuu akaanza kulia, naye akaenda. Nilibaki na daftari na alama ya kidole chake. Nilikuwa nimepata nafasi ya pili na nikaimalizia kwenye habari za mwavuli.

Baada ya wiki mbili nilipanda Tlawi. Nilimkuta amekaa mlangoni juani, blanketi mabegani. Nilisimama, nikatua mkoba chini, ndipo nikasalimia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Afadhali wewe umetua mzigo. Siku hizi hata huku juu wanasalimia wakitembea." Akaninyooshea mkono kunionyesha kigoda. Tulikunywa chai. Tulipitia baba yangu aliyefariki, watoto wangu, bei ya mbolea. Nikaona nikiendelea hivyo giza litaingia nami sijasema, kwa hiyo nikaweka kikombe chini.

"Mwalimu, nimemwona Monika."

Nikamweleza turubai, daftari la kusaini, mjukuu, lile swali la mwavuli, na kwamba amemsalimia. Nikamweleza pia la nyuma ya jiko, na la jina ambalo sikumpa pale mnadani miaka yote ile. Nililia nikieleza. Nilitegemea anikaripie, au aseme kwamba nilikuwa mtoto. Nikaongeza, kwa kutaka kumfariji, "Lakini wewe hukujua, mwalimu. Wewe ulikosea tu."

"Nilijua," akasema.

Nikadhani sikuelewa.

"Nilijua palepale. Mtoto aliposema imegeuka, nilitazama juu nikaona upande wa nyuma wa kazi yangu. Miaka ile yote nashona, nisijue upande wa nyuma? Nilijua kabla sijauliza habari za bibi yake." Alivuta blanketi. "Mkaguzi alikuwa anaandika. Nilijiambia naokoa somo, nitamrekebishia mtoto kesho. Kesho yenyewe ndiyo hii unayoniletea."

Kitu nilichokuwa nimekiegemea maisha yangu yote kilikuwa kimeondolewa, na aliyekiondoa alikuwa ananiangalia aone kama nitaanguka. Nilimchukia kwa muda mfupi sana. Kisha nikaona kwamba tumekaa mahali pamoja, mimi na yeye, na tumekuwa hapo tangu siku ile.

"Nikupe karatasi umwandikie barua," nikasema. "Mwezi ujao narudi Yaeda, nitampelekea."

"Barua?" Alinitazama kama nilivyomjua, kama mtu aliyeona fundo baya. "Alikupa nini pale kwenye daftari lako?"

"Kidole."

"Basi barua ataisomaje? Alikuwa darasa la tatu. Alikuwa ameshaanza kusoma, na mimi nikamtoa nje."

Nilisogeza kigoda karibu.

"Utayabeba mdomoni," akasema. "Sema nisikie. Umwite kwa jina lake, lile la kwao. Umwambie: Mwalimu anasema alijua palepale kwamba ulisema kweli, na akakutoa nje. Usimwambie nilikosea. Mwambie nilijua. Haya, sema."

Nilisimama kama nilivyosimama darasani, mikono nyuma, nikasema. Akasema niliharakisha. Nikasema tena, akasema nimemeza jina. Mara ya tatu nililitamka jina lote, nikayasema maneno yake yote bila kupunguza. Nilipofika mwisho nikaongeza la kwangu: na mimi nilikuwa nimeona, nikanyamaza. Nikangoja anirekebishe. Hakunirekebisha.